Mambo Yanapogeuka Kazini: Mwongozo Kamili wa Kuongoza kwa Kujifunza

Kila badiliko kubwa linaloikumba kazi huacha pengo, kuanzia siku hali ilipogeuka hadi siku watu walipoanza kufanya kazi kwa namna inayolingana na hali mpya. Pengo hilo lina vipande vinne. Cha kwanza ni kutojua: jambo limeshatokea na hakuna aliyeliona. Cha pili ni kunyamaza: mtu ameona lakini hajasema, au amesema na hakusikilizwa. Cha tatu ni kusitasita: jambo linazungumzwa kikao baada ya kikao bila uamuzi. Cha nne ni kutoweza: uamuzi umetoka, lakini mikono haijui kuutekeleza, au bado imejaa kazi za zamani.

Viongozi wengi humaliza nguvu zao wakijaribu kubashiri kitakachokuja. Ukibashiri sawa mara moja, huna hakika ya mara ya pili. Lakini pengo hupungua kwa kujifunza, na kujifunza kunapangika kama kazi nyingine yoyote: kuna siku yake, dakika zake, mtu wa kuulizwa na kipimo. Mwongozo huu unamfaa anayeongoza watu 4 hadi 30. Mwenye watu wengi zaidi aanze na idara moja, wengine waone kwanza.

Kabla ya yote: pima pengo lako

Chukua mabadiliko matatu ya karibuni yaliyowashtua: mteja mkubwa kuondoka, mfumo mpya wa kompyuta, kanuni mpya, mtu muhimu kuacha kazi ghafla. Kwa kila moja andika tarehe tano:

1. Lilipotokea.
2. Mtu yeyote katika timu alipoona dalili ya kwanza.
3. Lilipofika kikaoni.
4. Uamuzi ulipotolewa.
5. Kazi yenyewe ilipoanza kufanyika tofauti.

Tarehe ya pili usiikisie ukiwa peke yako ofisini. Waulize watu mmoja mmoja, na uliza hivi: "Wewe uligundua lini?" Usiulize "Kwa nini hukusema?", maana swali hilo litafunga midomo yote inayofuata.

Tuseme bei ya malighafi ilipanda. Karani wa ununuzi aliona baada ya siku 3. Kikaoni jambo lilifika siku ya 40, uamuzi ukatoka siku ya 49, na bei mpya ya kuuzia ikaanza kutumika siku ya 70. Kutojua ni siku 3, kunyamaza 37, kusitasita 9, kutoweza 21. Timu hii haihitaji mtaalamu wa kuchambua soko. Inahitaji karani asikilizwe. Ndiyo maana kipimo hutangulia: bila hicho utanunua dawa ya ugonjwa usio wako, na mara nyingi dawa hiyo huwa semina.

Hatua ya 1: Andika mambo ambayo kazi yenu imeyategemea

Kila kazi imesimama juu ya mambo ambayo watu wameyaamini kwa muda mrefu hadi wakasahau kuwa ni imani tu. Keti na watu 3 au 4 kwa dakika 60, kisha kamilisheni sentensi hii mara 10 hadi 12: "Tunaendelea kufanya hivi kwa sababu tunaamini kwamba..."

Kinachoharibu zoezi hili ni sentensi laini. "Wateja wetu wanatupenda" haiwezi kukutwa ni uongo, kwa hiyo haikusaidii kitu. "Angalau wateja 8 kati ya 10 hununua tena ndani ya siku 90" inaweza, na siku itakapoanguka mtajua. Mbele ya kila sentensi wekeni mambo matatu: dalili itakayoonyesha kwamba imeanza kulegea, jina la mtu mmoja wa kuiangalia, na hatua ya kwanza mtakayochukua ikilegea. Karatasi yote isizidi ukurasa mmoja. Ipitieni kwa dakika 20 kila mwezi. Sentensi isiyo na jina la mtu ifuteni, kwa sababu hakuna anayeiangalia.

Tafuteni hasa yale mambo ambayo yakianguka hakuna mbadala: msambazaji mmoja tu, mtu mmoja tu anayejua neno la siri, njia moja tu ya kumfikia mteja. Machi 2000 radi ilisababisha moto katika kiwanda cha Philips cha Albuquerque, Marekani, kilichotengeneza vipuri vya kielektroniki vya simu. Moto wenyewe ulizimwa ndani ya takriban dakika 10. Nokia na Ericsson, wote wateja wa kiwanda hicho, waliambiwa kuwa kungekuwa na ucheleweshaji wa kama wiki moja. Nokia walianza kufuatilia vipuri hivyo kila siku na kutafuta vyanzo vingine. Ericsson walichelewa kulipa jambo uzito, na kwa baadhi ya vipuri hawakuwa na chanzo kingine. Walipoteza takriban dola milioni 400, na mwaka uliofuata wakaunganisha biashara yao ya simu na Sony. Taarifa iliyowafikia wote wawili ilikuwa moja.

Hatua ya 2: Ifanye habari mbaya isafiri haraka

Kunyamaza ndicho kipande kinachochukua siku nyingi kuliko viongozi wanavyodhani, na ndicho kigumu kurekebisha, kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni kiongozi mwenyewe.

Dalili za kwanza huonekana pembeni: kwa anayepokea simu, dereva, mhudumu wa kaunta, fundi anayekwenda kwa mteja. Watengee dakika 15 mara mbili kwa wiki, mkiwa mmesimama, na swali ni moja: "Wiki hii nini kimekushangaza?" Neno "shangaza" limechaguliwa kwa makusudi. Ukiuliza "Kuna tatizo?", mtu hujipima kwanza kama atalaumiwa. Mshangao hauna mwenye kosa. Majibu yaandikwe kwenye daftari moja au faili moja, mstari mmoja kwa kila jibu, na tarehe. Mshangao ukijirudia mara 3 kutoka kwa watu tofauti, unapanda kwenye kikao cha wiki bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Wiki tatu za kwanza utapata "hakuna" nyingi. Vumilia. Watu wanasubiri kuona atakayesema atafanywaje. Aliyesema apewe jibu ndani ya siku 2, hata kama jibu ni "tumeona, hatutafanya kitu kwa sasa, sababu ni hii." Daftari lisilojibiwa hufa mwezi wa pili.

Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za hospitali akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache. Akakuta timu zilizoelewana na kuongozwa vizuri zimeripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyofaa ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyataja. Basi idadi ya taarifa mbaya ikipanda katika miezi miwili ya kwanza, usishtuke wala usitafute mchawi. Shtuka ikishuka ghafla.

Kuna kosa moja dogo linaloua kila kitu: kiongozi kusema maoni yake kwanza. Akishasema, wengine wanatafuta namna ya kukubaliana naye. Machi 27, 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, watu 583 wakafa. Muda mfupi kabla ya mgongano, mhandisi wa ndege iliyokuwa imeshaanza kukimbia ili iruke aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kuwa imeondoka, na swali likaishia hapo. Baada ya ajali kama hizo, mashirika ya ndege yalianza kufundisha marubani wadogo namna ya kupinga na wakubwa namna ya kupingwa. Kwenu inatosha kuanza na kanuni mbili. Katika kila kikao cha uamuzi mkubwa, mwenye cheo cha juu anazungumza mwisho. Na swali la mashaka lililoulizwa mara ya pili linasimamisha kazi hadi lijibiwe kwa ushahidi. Sauti ya kujiamini haihesabiwi kuwa ushahidi.

Hatua ya 3: Vunja kusitasita kwa majaribio madogo

Vikao hurudia jambo lilelile kwa sababu kila mtu anatetea anachoamini na hakuna mwenye uthibitisho. Badala ya kujadili mara ya tatu, jaribuni. Kila jaribio liandikwe kwenye kadi moja, kabla halijaanza:

- Tunaamini nini (sentensi moja).
- Tutafanya nini, wapi, na nani.
- Kwa muda gani: wiki 2 hadi 4.
- Namba gani moja tutaiangalia, na leo ni ngapi.
- Ikifika wapi tunaendelea, ikibaki wapi tunaacha.
- Hasara ya juu kabisa tunayokubali, kwa fedha na kwa saa.

Mstari wa tano ndio watu huuruka, na ndio wenye thamani. Usipoweka kikomo mapema, matokeo yoyote yatasomwa kuwa mazuri na aliyetoa wazo. Kikomo kikishaandikwa hakibadilishwi katikati. Ukiona kilikuwa kibaya, maliza jaribio, andika kadi mpya.

Majaribio matatu kwa wakati mmoja yanatosha timu ya watu 10. Yakizidi, hakuna anayeyafuatilia. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja katika jaribio moja: ukishusha bei na papo hapo ukabadilisha muuzaji, mauzo yakipanda hutajua sifa ni ya nani. Na jihadhari na namba ndogo. Kati ya wateja 20, waliokubali wakitoka 5 hadi 7, hujajifunza kitu. Tofauti ya watu wawili hutokea yenyewe wiki yoyote. Kati ya wateja 400, wakitoka 100 hadi 140, hapo pana jambo la kufuata. Ikiwa kazi yenu haiwezi kupata namba kubwa, ongeza muda, au badala ya kuhesabu keti na watu 5 au 6 uwaone wakitumia kitu chenyewe. Utajifunza sababu, ingawa hutapata kiasi.

Si kila jambo linajaribika. Tenganisha maamuzi yanayoweza kurudishwa nyuma na yasiyoweza. Kubadilisha ratiba ya zamu kunarudishika: amua leo, rekebisha Ijumaa. Kuuza jengo, kumwachisha mtu kazi, kusaini mkataba wa miaka 5, hayarudishiki. Hapo tumia muda, na fanyeni zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieneza. Kabla ya kuamua, kila mtu afikirie kwamba mwaka umepita na mpango umeshaanguka vibaya, kisha aandike peke yake kwa dakika 5 sababu za kuanguka. Kuandika peke yake ni lazima. Wakianza kwa kuongea, sababu ya mkubwa itatawala. Msomewe sababu zote, chagueni 3 zilizo nzito, na mpango urekebishwe kwa hizo.

Hatua ya 4: Mapitio baada ya kazi

Jeshi la Marekani lilikuza utaratibu huu katika mazoezi yake, na umeenea kwa sababu ni mwepisi. Maswali ni manne: Tulikusudia nini kitokee? Kilitokea nini hasa? Kwa nini pakawa na tofauti? Mara ijayo tutafanya nini? Mapitio yafanyike ndani ya saa 48 baada ya kazi, kabla kumbukumbu haijajipamba. Dakika 40 zinatosha: 10 kwa maswali mawili ya kwanza, 10 kwa la tatu, na 20 kwa la nne. Timu nyingi hugeuza mgawanyo huo, zikitumia nusu saa kubishana kuhusu kilichotokea na kuondoka bila jambo la kufanya.

Mapitio yafanyike hata kazi ikienda vizuri. Mkiyafanya kwenye kushindwa tu, watu watayaita kesi, na watakuja na utetezi badala ya kumbukumbu. Kwenye ushindi kuna jambo la kujifunza ambalo hakuna anayelitafuta: mlishinda kwa mbinu au kwa bahati?

Kwenye "kwa nini", msikubali jibu lenye jina la mtu. "Kwa sababu mhasibu alisahau" ni mlango, endeleeni kuingia. Alisahau kwa sababu hati ilifika kwa simu badala ya barua pepe. Ilifika kwa simu kwa sababu fomu haina sehemu ya kuambatisha. Fomu ndiyo ya kurekebishwa. Mkiishia kwa mhasibu, mwezi ujao atasahau mwingine. Kiongozi aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe katika kazi hiyo, kosa la kweli. "Nilifanya kazi kupita kiasi" si kosa, ni kujisifu.

Matokeo yasizidi mambo 3, kila moja na jina na tarehe. Kikao cha mapitio kinachofuata kifunguliwe kwa kuyasoma hayo matatu: limefanyika, halijafanyika, limeachwa na sababu. Dakika hizo 3 ndizo zinazotofautisha timu inayojifunza na timu inayoandika kumbukumbu za vikao.

Hatua ya 5: Ujuzi kabla ya siku ya kuuhitaji

Hapa tutapita haraka, maana wengi wana mipango ya mafunzo tayari. Tatizo ni namna inavyoendeshwa. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea katika siku ya kwanza. Semina ya siku 3 mfululizo inapambana na ukweli huo na kushindwa. Badala yake gawa mafunzo: dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8, ujuzi mmoja. Baada ya kila somo, mtu ajikumbushe bila kutazama daftari siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21. Kusoma tena maandishi humfanya ahisi anajua. Kujiuliza na kujibu humwonyesha kama kweli anajua. Wiki ya 8 awafundishe wenzake kwa dakika 20, kwa kazi halisi mbele yao.

Chora pia jedwali: kazi muhimu upande mmoja, majina ya watu upande mwingine. Andika 0 asiyejua, 1 anayeweza akisaidiwa, 2 anayeweza peke yake, 3 anayeweza kufundisha. Kazi yoyote yenye mtu mmoja tu wa 2 au 3 ndiyo somo lenu linalofuata. Mara moja kila mwezi mwenye ujuzi huo akae pembeni siku nzima, simu imezimwa, na wengine waendeshe. Mtajua mapungufu saa mbili za kwanza, na mtayajua kwa gharama ndogo.

Hatua ya 6: Kutua mzigo wa zamani

Agosti 5, 1949, kikosi cha wazima moto kiliruka kwa miavuli katika bonde la Mann Gulch, Montana, Marekani. Moto uliwageukia ukapanda mlima kuwafuata. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwaamuru watupe zana, lakini baadhi waliendelea kukimbia nazo. Kisha akafanya jambo ambalo hawakuwahi kuliona: aliwasha nyasi zilizo mbele yake, akalala kwenye majivu, ambako hapakubaki kitu cha kuungua tena, akawaita. Hakuna aliyemfuata. Watu 13 walikufa, naye akapona. Kwa mzima moto, zana ni sehemu ya nafsi yake. Kuitupa ni kukubali kwamba kazi aliyoijua imekwisha. Na njia mpya iliyofunuliwa moto ukiwa mgongoni haiaminiki, hata ikiwa sahihi.

Mafunzo mawili ya kiutendaji yanatoka hapo. La kwanza: kila miezi 3, kila mtu alete mambo 2 anayofanya ambayo yakikoma hakuna atakayeuliza. Acheni ripoti, fomu au kikao hicho kwa siku 30 bila kutangaza. Asipoulizia mtu, kimekufa. Na jukumu jipya lisiingie bila la zamani kutoka. Kiongozi anayeongeza tu anatengeneza kutoweza kwa mikono yake mwenyewe. La pili: njia ya dharura ifanyiwe mazoezi siku ya utulivu. Mara moja kila robo mwaka, dakika 75, toa kisa: mfumo wa malipo umezimika tangu asubuhi, msambazaji mkuu amefunga. Kila dakika 15 ongeza habari moja mpya inayovuruga mpango. Atakayeongoza zoezi asiwe mkuu wa timu.

Watu wanapokataa kuacha njia ya zamani, usikimbilie kusema hawapendi mabadiliko. Fundi wa miaka 20 akiambiwa njia yake haitumiki tena, anapoteza pia heshima aliyoijenga. Mpe nafasi ya kueleza njia hiyo ilikuwa ikilinda kitu gani. Mara nyingi kuna hatari ya kweli ambayo njia mpya imeisahau.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Badiliko likifika, ndani ya saa 24 zungumza na timu nzima kwa dakika 15, ukiwa na orodha tatu: tunachojua, tusichojua, na saa kamili ya taarifa inayofuata. Saa hiyo itimizwe hata kama huna jipya. Useme huna jipya. Usiahidi kwamba hakuna atakayeguswa ikiwa hujui. Ahadi moja ikivunjika, orodha zako zote zitakazofuata hazitaaminiwa.

Kwa siku 3 za kwanza kutaneni mara mbili kwa siku, dakika 10. Gawa watu makundi mawili: wachache wa kushughulikia jambo jipya, waliobaki waendeshe kazi ya kawaida bila kuvurugwa. Mteue mmoja aandike maamuzi yote kwa saa na sababu, kwa kuwa baada ya wiki hakuna atakayekumbuka kwa nini mlichagua hivyo. Toa karatasi ya Hatua ya 1, pigia mstari sentensi zilizoanguka, na kila sentensi iliyoanguka izae kadi moja ya jaribio. Baada ya siku hizo 3 za kwanza punguza vikao viwe kimoja kwa siku.

Siku ya 30 rudini kwenye zile tarehe tano. Ziandikeni kwa badiliko hili jipya, kando ya yale matatu ya zamani, na mlinganishe kipande kwa kipande. Kama kunyamaza bado kunakula siku nyingi kuliko vingine, ahirisheni mafunzo mapya yote na mrudi Hatua ya 2, mkianza na swali la nani aliona kwanza na akamwambia nani.